Siku Niliyomlaza Korongo wa Wakwe

Ukifika upande wetu wa Bureti, pale mashamba ya majani chai yanapoanza kuteremka kutoka Kapkatet, ukamuuliza mtoto yeyote akuonyeshe kwa Mwalimu Momanyi, atakuangalia tu kama mtu asiyejua unasema nini, lakini uliza Mwalimu Mbolea na utaletwa mpaka mlangoni kwangu na watoto kumi wanaocheka njia nzima. Sijivunii hilo jina. Nililipata mchana kweupe, mbele ya wazazi wa shule nzima, mbele ya mzee niliyekuwa naomba Mungu awe baba mkwe wangu, na nililipata nikiwa nimevaa suti mpya. Nimeificha hii hadithi kwa wageni, lakini nyinyi si wageni, na afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko mkaisikie kwa Kibet (huyo Kibet mtamjua mbele, alama ya meno yake bado ninayo mguuni).

Wacha nianze na mapenzi, kwa sababu bila mapenzi aibu yote hii haingekuwepo. Mimi ni Mkisii wa Chepseon. Wazazi wangu walihamia pale wakiwa vijana, mama anauza ndizi sokoni mpaka leo, na baba, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa baiskeli. Nimekua katikati ya Wakipsigis, nasalimia kwa Kikipsigis, nanunua maziwa kwa Kikipsigis, nikikasirika hata natukana kidogo kwa Kikipsigis, kwa hivyo nilikuwa na ule ugonjwa wa sisi tuliozaliwa huku, ugonjwa wa kudhani tunajua kila kitu. Nikaletwa kufundisha hii shule, gredi ya nne, na mwaka huo huo nikakutana na Chelang'at, anayepima maziwa kwenye kituo cha kupokea maziwa pale barabarani. Nilianza kupeleka maziwa ya jirani yangu kila asubuhi bila kuombwa, jirani akafikiri nimeokoka. Baada ya miaka miwili ya kubeba mtungi wa mtu mwingine, Chelang'at akaniambia niende kwao kama mwanaume.

Sasa kwa Wakipsigis mambo ya kuposa yanaitwa koito, na hayaendi kwa haraka. Wazee wetu walikuwa wameenda mara ya kwanza, wakapewa chai, wakaombewa, wakaulizwa kama mvua imenyesha Chepseon, wakarudishwa nyumbani bila jibu. Mzee Kirui, babake Chelang'at, ni mtu wa maneno machache, mrefu, ana kofia ya kahawia ambayo haivui isipokuwa kanisani. Alichosema ni hiki tu: "Mimi mtoto ya watu namjua kwa kazi yake. Jumatano ni siku ya wazazi pale shule. Nitakuja nione akifundisha. Jumamosi mrudi mchukue jibu."

Kwa hivyo mnaelewa. Jumatano mzee ananitazama, Jumamosi napewa mke au napewa pole.

Somo nililopangiwa kuonyesha wazazi lilikuwa lile la nani anamla nani. Kwenye kitabu linaitwa mnyororo wa chakula: jua linalisha nyasi, nyasi zinaliwa na panzi, panzi analiwa na chura, chura anaingia kwa nyoka, nyoka anabebwa na mwewe, mwewe naye akifa anaoza, anakuwa mbolea, mbolea inalisha nyasi, na dunia inaendelea hivyo hivyo bila kumwuliza mtu. Mtaala huu mpya unataka watoto watende, si kukaa tu wakinakili ubaoni, kwa hivyo nikaamua tutaigiza. Nikagawa kazi. Na Cherop, mjukuu wa Mzee Kirui, mtoto wa kakake Chelang'at, akaangukia kuwa nyasi. Nyasi namba tisa, kati ya nyasi kumi na mbili.

Ningeacha hapo, jamani, leo ningekuwa naitwa Momanyi.

Lakini Jumatatu nilikuwa nimekaa ofisini nakunywa chai, nikaanza kujiuliza, hivi mzee atoke kwake, apande huo mlima na fimbo, aje amwone mjukuu wake akiwa nyasi? Nani anapiga picha nyasi? Nikatazama dirishani, na kule chini kwenye bwawa, kando ya majani chai, nikawaona kong'ony wawili wakitembea. Kama humjui kong'ony, ni yule korongo mrefu mwenye taji la nyuzi za dhahabu kichwani, anatembea polepole kama mtu aliyelipiwa karo yote. Nikasema, huyo ndiye! Nikamtoa chura, nikamtoa nyoka, nikamtoa na mwewe, nikaweka korongo peke yake, mkubwa, mwenye taji, ale panzi mbele ya babu yake. Na kwa sababu mnyororo hauwezi kuishia hapo, nikaweka mbweha wa kumla korongo. (Mimi sijawahi kuona mbweha akila korongo. Nilisema nani ataniuliza?)

Nikamwita Cherop. "Cherop, wewe si nyasi tena. Wewe ni kong'ony."

Macho yakamtoka. "Mimi? Lakini mwalimu, kong'ony si ni..."

"Hakuna lakini," nikamkata. "Wewe ndiye mkubwa wa mchezo. Nenda mwambie mama akushonee taji."

Nikimkumbuka huyo mtoto akiwa amefungua mdomo kuniambia kitu, na mimi nimemfunga na kidole, najiona mjinga upya kila siku. Kuuliza si ujinga, hiyo nawafundisha watoto wa watu kila muhula, na mimi mwenyewe mtoto wa miaka kumi ananiletea jibu la bure nalikataa.

Mama Cherop alipokea habari kwa furaha mpaka nikashangaa. Alinipigia simu, akasema, "Mwalimu, asante sana, hata hatukutarajia," halafu akashona taji la uzi wa manjano na njiti za ufagio, zuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuvaliwa katika shule yetu. Sikumwambia kwamba korongo ataliwa. Si kwa kuficha, nilidhani tu kila mtu anajua mambo ya mnyororo wa chakula ni mambo ya kuliwa. Chelang'at naye sikumwambia lolote, nilitaka akija ashangae. Alishangaa, hilo siwezi kukataa.

Jumatano ikafika, jua limewaka vizuri ingawa upande wa juu wingu lilikuwa limeanza kukaa, na huku kwetu mnajua, saa nane mvua haikosi. Nikavaa ile suti ya kijivu niliyonunua kwa ajili ya Jumamosi, nikajiambia wacha mzee aizoee. Wazazi wakajaa uwanjani, wengine wametoka moja kwa moja kuchuma majani, vidole bado vyeusi kwa utomvu. Mzee Kirui akafika na mkewe, akawekwa safu ya mbele, na kabla hajakaa akaja mpaka nilipokuwa, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akaniambia, "nimesikia vile umetukumbuka. Umetuheshimu sana."

"Ni kazi yetu, mzee," nikajibu, na moyoni najisifu, Momanyi wewe ni hatari, mke umeshapata. Sikujua nimemheshimu kwa nini. Nilidhani ni mambo ya taji.

Kwaya ikaimba, shairi likasomwa, halafu nikapewa maiki. Tuko pamoja? Jua likaingia kwanza, mtoto ameshika sinia ya bati inayong'aa. Nyasi kumi na moja zikakaa chini zimeshika matawi ya majani chai. Panzi akarukaruka, akala nyasi, watu wakacheka. Kisha nikaita, "Na sasa, wazazi, mpokeeni kong'ony!" na Cherop akatokea nyuma ya stoo, shingo juu, taji linatikisika, hatua moja moja, jamani alikuwa mzuri yule mtoto. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Kirui akasimama, akainua fimbo juu, wanaume wengine watano sita wakasimama naye. Korongo akamla panzi, uwanja ukalipuka. Mimi nilikuwa najua ni watu wanaopenda sayansi.

Hapo ndipo nikamwachilia Kibet.

Kibet ni mtoto asiyefanya kitu nusu. Alikuwa mbweha, na alikuwa amengoja nyuma ya stoo tangu saa tatu, na alipotoka alitoka kwa miguu na mikono, akamrukia Cherop, wakaanguka wote wawili, taji likaenda kivyake. Vigelegele vikakatika. Nikaona kimya, nikafikiri wazazi wanafuatilia somo kwa makini, kwa hivyo nikaongeza sauti. "Tazameni, wazazi! Korongo pamoja na uzuri wake wote, amekwisha! Na je, mnyororo unaishia hapo? Hapana! Waje wanaoozesha!"

Wanaoozesha walikuwa watoto watano waliovaa magunia ya mbolea, kila mmoja ana kadi shingoni, mmoja ni funza, mwingine ni mnyoo, mwingine bakteria. Wa sita hakuja, alikuwa na matubwitubwi, kadi yake nilikuwa nimeishika mimi mkononi. Wakatambaa mpaka kwa Cherop, wakamfunika na magunia, wakaanza ule wimbo niliowatungia mwenyewe, na naomba msicheke:

"Oza, oza, usichelewe, oza tupate mbolea! Oza, oza..."

Mzee Kirui akaanza kuja. Alikuja polepole, fimbo inagonga nyasi, macho yake hayatazami mtu. Na mimi, badala ya kusoma uso wa mtu mzima, nikakumbuka ile semina tuliyoambiwa mzazi anayeshiriki ni mzazi bora. Nikasema kwenye maiki, kwa furaha kabisa, "Makofi kwa mzee wetu! Mzee naye amekubali kuja kuozesha!" Na alipofika karibu yangu nikamvisha ile kadi iliyobaki. Ilikuwa imeandikwa KUVU.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu wetu, mama mpole sana anayetoka upande wa Nyeri, alikuwa amefunika uso na karatasi ya ratiba.

"Mwalimu," akasema Mzee Kirui, kadi ya KUVU imekaa kifuani juu ya koti lake la kanisa. "Inua hiyo mtoto."

"Subiri kidogo tu, mzee," nikasema. "Bado hajaoza."

Hayo maneno yalitoka kwenye spika zote mbili. Nasikia walioyasikia ni pamoja na wachuma majani wa ng'ambo ya bonde.

Bibi yake Cherop akapiga yowe. Mzee akaweka fimbo chini, akainama juu ya magunia. "Cherop. Inuka."

Sauti ndogo ikatoka chini ya gunia, ikamjibu babu yake. "Siwezi, guga. Mwalimu alisema mtu akiliwa haamki mpaka kengele."

Ni hapo nikamwona Chelang'at. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya lori la maziwa, sasa anakuja anakimbia kutoka kwenye geti na gambuti zake za kazini, na alipofika akanishika mkono wa suti akaninong'oneza, lakini maiki ilikuwa bado iko mdomoni mwangu kwa hivyo ni kama alihutubia. "Momanyi, umefanya nini? Kong'ony ni mnyama wetu! Wa ukoo! Sisi hata manyoya yake hatuokoti vibaya, na wewe umemuua, umemlisha mbweha, umemwozesha, na umemfunga baba kadi ya kuvu!"

Kumbe vile vigelegele havikuwa vya sayansi. Kumbe mzee alitembea mlima wote ule kuja kuona mnyama wa babu zake akipewa heshima na kijana wa Kisii anayemtaka binti yake, na kijana wa Kisii akamwita mbweha aje amle. Nilikuwa najua Wakipsigis wana wanyama wa ukoo, nani hajui, lakini nilikuwa najua kama vile unajua jirani ana shangazi. Hukuwahi kuuliza jina.

Mtu mwenye akili hapo anaomba msamaha, anapiga kengele, anaketi. Mimi ni mwalimu, nikataka kusahihisha. "Samahani wazazi," nikasema, jasho linanitoka, "ni kosa dogo, tutabadilisha sasa hivi. Tumtoe korongo, turudishe chura."

Mama mmoja akainua mkono safu ya tatu. "Chura ni wa bwana yangu."

"Basi tuweke nyuki."

"Nyuki ni sisi," zikasema sauti tatu kwa mara moja.

"Fisi!" nikapiga kelele, kwa sababu nilijiambia fisi hawezi kuwa na mwenyewe. Mzee mmoja mnene akasimama kule pembeni, akavua kofia kwa adabu. "Fisi ni yetu, mwalimu. Na hatuoni haya."

Watu wakaanza kucheka. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja kwenye mabati. "Sawa," nikasema, "wanyama wote tuwaache. Tubaki na jua na nyasi peke yake."

"Jua ni letu!" akaita mtu kutoka chini ya mti wa mkaratusi, na uwanja mzima ukalala. Mtoto aliyeshika sinia akaiweka chini kwa woga.

Aliyekuwa hajacheka ni Mzee Kirui peke yake. Alivua kadi ya KUVU, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni. Akaniuliza, si kwa hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, "Na kwenu? Mnyama yenu ni nani?"

Jamani. Wakisii tunao wanyama pia. Najua tunao. Baba aliniambia mnyama wetu nikiwa darasa la sita, tukiwa tunaziba pancha mbele ya nyumba, na mimi nilikuwa nasikiliza mpira kwenye redio. Nikatafuta kichwani, nikapata matokeo ya ile mechi, mnyama sikumpata.

"Sijui, mzee."

"Hujui."

"Sijui."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Basi hapa kila mnyama iko na mwenyewe, na kila mwenyewe yuko. Ni wewe peke yako huna mtu wa kukuulizia. Kama hii somo lako lazima mtu aliwe, wewe ndiye wa kuliwa. Hiyo mtoto inuke. Lala hapo."

Nikatazama suti yangu. Nikamtazama Chelang'at, mkono mdomoni, sijui analia au anacheka. Nikafikiria Jumamosi, wajomba wamekodi gari, mama ameshonesha nguo. Nilijua nikikataa nimemaliza, na nikikubali pia nimemaliza, maana ni mzee gani atampa binti mtu aliyegaragara chini mbele yake? Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Halafu lile gunia likainuka kidogo, nikaona jicho moja la Cherop linanitazama, na mtoto alikuwa ameanza kulia taratibu, kwa sababu alidhani babu yake amemkasirikia yeye. Hilo lilinichoma kuliko yote mengine. Alitaka kuniambia tangu Jumatatu.

Nikampa mwalimu mkuu maiki. Nikaondoa gunia, nikamwinua Cherop, nikamvisha taji lake, nikamwambia mbele ya watu, "Kosa ni langu, si lako, wewe ulijua kuliko mwalimu." Kisha nikalala pale pale alipokuwa amelala, chali, na suti yangu.

Kibet akanisogelea, akasimama juu yangu. "Mwalimu, nikukule kweli?"

Kabla sijajibu, Mzee Kirui akasema, "Kula."

Ndio hivyo, akala. Alianza na mguu, na si kwa kuigiza. Nikapiga ukelele, watu wakafikiri ninacheza vizuri, wakapiga makofi. Panzi akanirukia tumboni. Wanaoozesha wakanifunika na magunia, wakaanza wimbo upya, na mara hii ni uwanja wote uliimba, wazazi, walimu, mzee wa fisi kwa sauti nene, "Oza, oza, usichelewe!" Mvua nayo ikaamua ni saa yake. Watu wakakimbilia hema iliyokuwa pembeni, lakini watoto wangu hawakuondoka hata mmoja, maana niliwafundisha kazi ikianza haiachwi mpaka kengele, na mwenye kengele alikuwa amekimbia mvua. Nyasi kumi na moja zikaja kuota juu yangu. Mtoto mmoja akachomeka tawi la majani chai kwenye mfuko wa koti langu, akalipapasa lisimame vizuri. Nililala pale nikinyeshewa, nikisikia hema nzima ikicheka, na nilipoinuka Mzee Kirui na watu wake walikuwa wameshaondoka bila kuniaga.

Zile siku mbili sikula vizuri. Chelang'at nilimpigia, akasema, "Baba hajasema kitu. Anapogoa ua tu. Amepogoa mpaka limebaki chini." Nikampigia mama nikamweleza yote, nikamwuliza mnyama wetu ni nani, akalipuka.

"Chui! Wewe ni mtoto wa chui, Momanyi! Mtu wa chui mzima unalala chini unaliwa na watoto?"

Fikirieni. Neno moja tu. Ningesema chui siku ile, ningesimama pale juu kabisa ya mnyororo na suti yangu kavu.

Jumamosi nilitaka tusiende. Baba mdogo akasema jibu la mtu hufuatwa hata kama ni baya. Tukaenda. Tukakaribishwa, tukakalishwa, chai ikaletwa, maombi yakafanywa, na mimi nimekaa kwenye pembe ya kochi na suti niliyoifua mara tatu na bado ina rangi ya kijani kwenye magoti. Ndipo mzee wao mmoja akauliza lile swali la siku hiyo: nyinyi ni watu wa ukoo gani, na mnyama wenu ni nani? Nikafunga macho.

Baba mdogo akasimama kwa kiburi, akafunga kitufe cha koti. "Sisi ni watu wa chui."

Nikasikia kochi linalia. Nikafungua jicho moja, nikamwona Mzee Kirui mabega yanatikisika, mara akacheka, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake, alicheka mpaka ikabidi avue kofia ajipanguse machozi, na wazee wenzake wakaanza kucheka bila kujua sababu. Alipotulia akaninyooshea kidole.

"Chui," akasema. "Mimi nimekaa siku mbili najiuliza huyu kijana ni mnyama gani. Sasa nisikilizeni. Kama chui anaweza kulala kwa matope mbele ya watu, akubali kuliwa na watoto, ili mtoto yangu isilie, huyo hawezi kuuma binti yangu. Leteni mursik."

Mursik ni yale maziwa yao ya kugandisha kwenye kibuyu, na hayaletwi kwa mtu aliyenyimwa mke. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia mbele ya wajomba, na kibuyu kiliponifikia nikajimwagia maziwa kwenye ile suti, ikaisha kabisa.

Sasa nimeoa, na lile somo bado nalifundisha kila mwaka, halikwepeki. Lakini nimeapa, na Cherop ni shahidi wangu, kwamba mtoto akifungua mdomo kuniambia "lakini mwalimu," ninaweka chaki chini, naketi, nasikiliza mpaka amalize.